Siku moja maishani mwangu: fundi wa joto Minnesota, mwezi wa kwanza

Ndugu zangu Dar nikiwaambia mimi fundi AC wanaona ile split ya ukutani, unasafisha filta, unajaza gesi, unaondoka. Huku kwenye nyumba nyingi ni tofauti. Mashine ni moja, tanuru la gesi besimenti, yaani chumba cha chini ya nyumba, linasukuma hewa ya moto kwenye dakti, mabomba ya bati ya kupitishia hewa nyumba nzima, kiangazi dakti hizohizo zinapitisha baridi. Nyumba kubwa zingine zimegawanywa zoni, yaani sehemu, kila zoni na themostati yake, kidude cha ukutani cha kuwekea kiwango cha joto, na ndani ya dakti kuna dampa, bapa la bati linalozungushwa na kimota cha volti 24 kufungua na kufunga njia ya hewa. Hizo dampa watu hawazijui kabisa, hata wenye nyumba, na ndizo zinazotutoa jasho.

Saa 11 alfajiri. Nje nyuzi 26 chini ya sifuri, za Sentigredi. Chai, suruali mbili, nawasha gari mapema lipate moto maana mita na betri za drili hazipendi baridi hii.

Saa 1 mpaka saa 4. Nyumba mbili. Moja filta imeziba mpaka tanuru linajizima lenyewe, nyingine kihisi cha moto kimeshika utando, nikakisugua, likawaka, nikasonga.

Saa 4 na nusu. Mji wa Plymouth, hukuhuku Minnesota, nyumba ya ghorofa na besimenti, zoni tatu. Jamaa ananifungulia mlango, swali la kwanza fundi mkubwa anakuja saa ngapi. Nikamwambia fundi ni mimi. Ghorofani nyuzi 14 na themostati imewekwa 21, mama yake mzee amekaa kitandani na koti na kofia, mdomo wangu ukataka kutoa shikamoo kabisa. Siku kadhaa yule bibi analala hivyo! Fundi aliyetangulia alishasema tanuru limechoka wanunue jipya, maelfu ya dola, na jamaa mwenyewe kashabadilisha themostati kwa kufuata video, sasa anataka nibadilishe tena niweke ya bei zaidi.

Nikashuka kwenye paneli ya zoni, bodi inayopokea themostati zote na kutuma umeme kwa mota za dampa. Zoni ya tatu, ile ya ghorofani, inaomba joto, taa yake ya kijani inawaka, maana yake dampa imefunguka, na jamaa kasimama nyuma yangu anasema si unaona, iko wazi, tatizo themostati. Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, na mafundi wamo. Ile taa inakwambia paneli imetuma umeme, haikwambii bapa limezunguka. Nikapima pale waya za mota zinapotoka, volti 26, safi, kwa hiyo transfoma nzima, paneli nzima, themostati nzima, ugonjwa uko mbele kule kwenye dakti. Nikazima zoni nyingine mbili nikaweka kipimo cha presha ya hewa, ikasoma inchi 0.9 za maji wakati kibao cha tanuru kinasema isizidi 0.5. Hewa haina pa kwenda. Moto unawaka dakika chache, joto linajaa kwenye dakti kuu mpaka kihisi kinakata gesi, feni inapuliza, inapoa, moto unawaka tena, kutwa nzima hivyo. Tanuru halina kosa lolote, linajilinda.

Sasa dampa yenyewe iko wapi? Juu ya dari. Besimenti ilitengenezwa upya kabla ya baridi kuanza, jipsamu mpya, rangi mpya, na hakuna aliyeacha hata kidirisha cha kufikia mota. Nasikiliza, mota inavuma kidogo halafu inakwama. Nikamwambia lazima nikate hapa, mraba wa sentimita 30. Kelele. Dari lake amelilipia, atampigia mjenzi, akampigia mke wake kazini, akarudi kwenye themostati, akaniuliza leseni, nikamwonyesha cheti changu, akauliza nimesomea wapi, nikamwambia hapahapa Minnesota, mimi nimekaa tu na tochi na kule juu bibi anatetemeka, kusema kweli hiyo ndiyo inachosha kuliko kubeba ngazi, kuthibitisha kwamba unajua wakati mita imeshasema.

Mwishowe nikachomeka kamera ya waya kwenye tundu nililopimia presha, nikaisukuma taratibu ndani ya dakti nikampa simu aangalie mwenyewe. Bapa limesimama karibu kufunga kabisa, na mbele yake ncha ya skrubu ndefu imetoboa bati kutoka chini. Skrubu ya jipsamu. Mjenzi aliifunga akakosa mbao akaingia kwenye dakti, na kila mota ikijaribu kufungua bapa linagonga chuma. Jamaa akanyamaza. Akasema kata.

Nikakata, nikatoa skrubu, nikaziba tundu kwa tepu ya foili, nikalegeza mota nikazungusha shafti kwa mkono, laini mwanzo mwisho, ule mstari kwenye ncha ya shafti unaoonyesha bapa limekaaje ukalala sambamba na dakti, wazi kabisa. Nikarudisha mota, nikafungua na kufunga kila zoni nikiwa na mkono kwenye tundu za hewa ghorofani, presha ikashuka. Nikaweka kidirisha cha plastiki pale juu, halafu nikaandika kwa maka peni kwenye ubavu wa tanuru dampa zote tatu ziko wapi, fundi anayekuja asipate shida niliyopata mimi. Bibi aliponishika mikono yake bado ilikuwa baridi, ila hewa ya moto ilikuwa inamfikia miguuni.

Chakula cha mchana nikala kwenye gari, sijui saa ngapi, ofisini wanapiga nimechelewa. Baada ya hapo kuna kubadilisha mota ya feni, kuna mtu hakuwepo nyumbani, giza likaingia mapema na mgongo unauma. Usiku nilikuwa zamu, simu ikaita nikiwa nimeshavua viatu, theluji imeziba bomba la kuvuta hewa nje ya nyumba ya watu wenye mtoto mchanga. Nikaipangusa, nikasubiri mpaka nyumba imepata joto, nikaondoka. Tanuru jipya Plymouth hawakununua.