Jangwa Lenye Baridi ya Limuru

Jumapili usiku, Nairobi. Ramani ya Arizona bado iko mezani.

Neno "jangwa" ndilo linalotupotosha. Mtu wa Nairobi akisikia anakwenda Grand Canyon, lile korongo kubwa la Arizona, Marekani, hufunga kaptura na malapa, utadhani ni safari ya Lamu. Ukingo wa Kusini wa korongo hilo, wanakofikia wageni wengi, uko karibu mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, kimo cha Limuru hivi. Hata mwezi Mei usiku wake unataka sweta nzito na marvin. Lakini kule chini mtoni, karibu mita 1,400 kutoka ukingoni, joto la Julai hupita nyuzi 40. Begi ni moja, majira ni mawili.

Kabla ya kulipia chumba, hakikisha ni ukingo upi. Kusini na Kaskazini zinatazamana kwa kilomita 16 hivi, ila kwa gari ni zaidi ya kilomita 330, kwa sababu ni lazima uzunguke mbali mashariki kutafuta daraja. Kaskazini hufungwa wakati wa theluji. Lile jukwaa la kioo la Grand Canyon West nalo liko kwenye ardhi ya Wahualapai, kabila la wenyeji wa asili, nje ya hifadhi ya taifa, tiketi yake ni tofauti, na kutoka Kusini ni mwendo wa saa nne hivi. Kuna wanaolala huku na tiketi wamenunua ya kule. Siku inaishia barabarani.

Kutoka Phoenix unashika barabara kuu ya I-17 hadi Flagstaff, kisha barabara za 180 na 64, jumla kama kilomita 370. Kutoka Las Vegas ni kama 450. Naona Phoenix ni afadhali.

Usukani uko kushoto na unaendesha upande wa kulia. Kwenye barabara kuu hilo halisumbui, maana unafuata wenzako. Hatari iko asubuhi unapotoka kituo cha mafuta na barabara ni tupu: mikono inarudi kushoto yenyewe. Abiria wa mbele apewe kazi moja, kusema "kulia" kila mnapoingia barabarani. Leseni ya kimataifa hutolewa na AA ya Kenya. Beba na ile yako ya kawaida, kwa kuwa ya kimataifa ni tafsiri yake tu.

Ukilipa kwa kadi, pampu za mafuta huuliza msimbo wa posta wa tarakimu tano. Usibahatishe na 00100 ya GPO. Ingia ndani, mtajie keshia namba ya pampu na kiasi, tuseme dola 40. Kijijini ndani ya hifadhi hakuna mafuta, kwa hiyo jaza Tusayan, mji mdogo ulio kabla ya lango.

Sasa kushuka. Mlima Kenya una huruma: aliyechoka anageuka, na kurudi ni mteremko. Hapa miguu inafurahi kwanza, deni linalipwa jioni. Njia ya Bright Angel ina vibanda vya kupumzikia kwenye kilomita 2.4 na 4.8, anayeanza asivuke cha pili, na wakati wa joto cha kwanza kinatosha. Maji ya njiani hutegemea bomba kuukuu linalopasuka mara kwa mara, basi soma tangazo pale ukingoni kabla ya kuondoka. Njia nyingine, South Kaibab, haina hata tone.

Maji peke yake hayatoshi. Ukitoka jasho sana huku unakunywa maji matupu, chumvi mwilini inashuka: kichefuchefu, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa. Dalili hizo hufanana na za kiu, basi mtu huzidi kunywa na kujiumiza. Beba njugu za chumvi na pakiti chache za ORS kutoka duka la dawa mtaani. Ni nyepesi kuliko majuto.

Kiangazi usiwe njiani kati ya saa nne asubuhi na saa kumi jioni. Na kwa kuwa kupanda huchukua mara mbili ya kushuka, andika saa ya kugeuka ungali juu. Ukianza saa kumi na mbili asubuhi na unataka kuwa ukingoni saa tatu, unageuka saa moja, hata kama kibanda unakiona pale chini.