Tiara moja, mikono mitatu

Shule zikifungwa Agosti, kusi bado yavuma Lamu, na kufikia saa nne asubuhi watoto washaruka vitanda vyote. Dawa ni tiara. Ila tiara moja kwa watoto watatu ni fitina, mpaka kila mmoja awe na kazi yake asiyoingiliwa.

Kifunguamimba wa miaka tisa au kumi hupewa kisu na njiti. Achomoe tatu ngumu kwenye fagio la chelewa. Njiti hii ni nene upande wa shina, nyembamba nchani, na hapo ndipo tiara nyingi huharibika: mkono wa kukingama ukiwa wa njiti moja, upande mwembamba hupinda zaidi na tiara ikazunguka kama pia. Kwa hiyo njiti mbili zilazwe mzungu wa nne, unene wa hii juu ya wembamba wa ile, zifungwe uzi mahali patatu. Mkono uwe sentimita 45, mti wa katikati 50, unene ukae juu. Vifungwe pamoja sentimita 13 kutoka kichwani, kisha uzi uzungushwe ncha zote nne. Weka fundo juu ya kidole. Mkono ukilalia upande mmoja, upande huo upunguzwe kidogo kwa kisu.

Wa pili ndiye fundi wa gundi. Vijiko viwili vya unga wa ngano, nusu kikombe cha maji baridi, akoroge mpaka madonge yaishe. Kuteleka ni kazi ya mtu mzima: moto mdogo, hadi uji ung'ae. Mifuko ya plastiki ya dukani ilipigwa marufuku Kenya 2017, basi tumia gazeti au, bora zaidi, karatasi nyembamba ya rangi. Apake kwa kidole, pembeni tu. Watoto hupenda kumimina, na tiara iliyolowa gundi hainyanyuki. Ikaushwe kivulini.

Kitindamimba hawezi kufunga fundo, lakini leso kuukuu ikichanwa vipande vya upana wa vidole viwili, yeye ndiye achague rangi ipi ifuate ipi. Mkia uwe mita mbili na nusu.

Uzi wa kushikia hufungwa kwenye mti mahali pawili: penye fundo la mkono, na sentimita 10 kutoka chini. Uache ulegee. Uzi wa kurushia ufungwe juu yake, karibu zaidi na kichwa. Ikizunguka, ongeza mkia nusu mita. Ikiburuta bila kupanda, punguza mkia au sogeza fundo juu kidogo.

Msirushie uchochoroni, upepo hupindapinda kati ya nyumba; wala darini, kwa sababu mtoto anayetazama juu hurudi kinyumenyume. Nendeni ufuoni Shela maji yakipwa, mbali na nyaya za stima. Uzi uwe wa pamba. Mshipi wa kuvulia hukata vidole.

Zamu ni hesabu ya hamsini. (Mdogo ataruka kutoka kumi na mbili hadi ishirini, na kelele zitaanza hapo.) Akingoja, mpe ukurasa wa daftari uliokunjwa pembe mbili na uzi wa mita moja: huo hupaa kwa mbio zake mwenyewe.

Bakisha gundi kikombeni kwa viraka vya jioni. Kesho itakuwa imechacha.