Nyumba ya Kete 14

Kitinda mimba wangu amepakua bao kwenye simu. Juzi akanijia na swali: "Baba, mbona shimo hili moja ni la mraba?" Nikamwambia hiyo ni nyumba. Akataka kujua anakaa nani humo.

Basi nikateremsha lile bao la mninga lililo juu ya kabati (ndiyo, lile lile ambalo mama watoto hadi leo hapendi kusikia bei yake) nikampangia. Safu 4, kila safu mashimo 8. Kila mchezaji ana kete 32: 6 anaziweka nyumbani, ambapo ni shimo la tano kutoka kushoto kwake kwenye safu ya mbele, 2 shimo linalofuata kulia, na 2 lile la pili yake. 22 zilizobaki anazishika mkononi, na kila zamu anatia moja. Huko ndiko kunamua. Mkono ukiisha mnaingia mtaji, mnacheza na zilizomo ubaoni. Hayo yote simu inayafanya sawasawa. Isichokuwa nacho ni mlio. Komwe, zile mbegu tunazochezea kama kete, zilizokauka vizuri, zenye ukubwa mmoja, zikidondoka kwenye shimo lenye kina cha kutosha hulia kavu, moja moja, na mtu aliyezoea huhesabu mchezo wa mwenzake kwa sikio huku amegeukia kahawa yake. Bao la mashimo mafupi halifai hata kidogo. Kete zinaruka, ugomvi unaanza.

Nilikuwa namwonyesha kunamua, na akili ikanikimbilia Kikwajuni.

Ilikuwa Ramadhani, baada ya tarawehe. Nilikwenda Unguja kwa shughuli nyingine kabisa, shemeji akanipitisha barazani, kahawa ikaja, nikakaribishwa bao. Wakati huo nilikuwa na miaka arobaini na ushei, bao nimelianza ukubwani, na kule Dar nilikuwa nikiwafunga wenzangu wa kijiweni. Nikapangiwa na mzee mmoja, seremala wa zamani, aliyekuwa anaitwa Fundi tu. Mwanzoni nilidhani ni kwa ajili ya useremala.

Mchezo wenyewe sitausimulia wote. Tulifika mahali mikononi zimebaki kete chache, na nyumba yake imejaa 13.

Hapa anayejifunza anisikilize. Nyumba ikijaa namna hiyo usiitazame kwa wingi wake, itazame itaishia wapi. Ukiibeba kuelekea kulia, ukidondosha moja kila shimo, kete 3 zinamaliza safu ya mbele, 8 zinapita safu yote ya nyuma, ya 12 inaangukia kichwa cha kushoto, yaani shimo la mwisho kushoto kwenye safu ya mbele. Kwa hiyo nyumba ya 12 inaishia kichwani, ya 13 kwenye kimbi (shimo la pili, linalofuata kichwa), ya 14 shimo la tatu, ya 15 shimo la nne, ambalo linatazamana na nyumba ya adui. Ya 16 inarudi pale pale ilipotoka, shimo limeshakuwa tupu, umelala, zamu yako imekwisha. Wengi hupotezea hapo: wanairundika nyumba kama akiba, kisha siku ya kuibeba inawarudisha walikoanzia. Wengine huibomoa mapema, ina 7 au 8, inafia safu ya nyuma bila kula kitu, yaani bila kuchukua kete za adui.

Mimi nilikuwa naichunga 15. Mbele ya nyumba yake kwangu nilipaacha patupu makusudi, asipate cha kula pale. 14 haikunitisha. Ingemfikisha shimo la tatu, mbele ya kete zangu 4 tu, jirani na nyumba yangu iliyokuwa na 8.

Zamu yake ikafika. Akatia kete shimo la kwanza kulia kwa nyumba yake, akala 5 zangu. Shimo lile si kichwa wala kimbi, kwa hiyo upande wa kuanzia ni hiari yake. Akaanza kuzigawa kichwa cha kushoto: moja, mbili, tatu, nne, ya tano nyumbani. Zikawa 14.

Hapo sheria inampa ruhusa. Akitaka analala, nyumba inabaki salama na zamu inakuwa yangu. Akitaka anasafiri: anazoa zote anaendelea, na tangu hapo lile ni shimo tu kama mashimo mengine, unyumba wake umekwisha.

Akauning'iniza mkono juu ya nyumba. Hakuzoa, hakuondoa. Kwa mkono wa kushoto akanyanyua kikombe, akanywa funda, akakirudisha kwenye kisahani bila kukitazama. Akaniuliza mimi, eti mimi, "Haya mgeni wetu, nilale au nisafiri?"

Barazani wakagawanyika. "Lala mzee, nyumba hiyo!" Mwingine akaguna. Mimi nikaona aibu kumshauri mtu anifunge vipi, nikasema, "Shikamoo mzee, bao ni lako." Wakacheka.

Akazoa. Mkono wa Kipemba au wa Kiunguja, sijui niuiteje, lakini kete hazikutupwa, zilikuwa zinateremka. Tatu za mbele. Nane za nyuma. Kichwa, kimbi, shimo la tatu. Akala zangu 4. Akarudi kichwa cha kushoto nazo: moja, mbili, tatu, ya nne ikatua shimo la nne. Shimo la nne, ambalo nilikuwa naliogopea 15, akalifikia kwa hatua mbili. Akainyanyua nyumba yangu nzima, kete 8, akazipanga safu yote ya mbele, moja kila shimo, ya mwisho kichwa cha kulia. Na pale akakuta 3 zangu, akala, sasa mkono ukageuka kuanzia kulia kama inavyotakiwa. Ukaenda kidogo, ukalala.

Yaliyofuata hayakuwa mchezo. Nilifungwa bado nina kete mkononi.

Tukiwa njiani kurudi, shemeji akaapa kwamba Fundi alikuwa anaitengeneza ile 14 tangu kahawa ya kwanza. Inawezekana. Lakini nimeupanga mchezo ule mara nyingi mezani kwangu, na kila mara nafika pale kwenye zile kete zangu 4. Zingekuwa 5, ya tano ingedondoka kwenye shimo la mraba alilotoka kulizoa, tupu, naye angelala ndani ya nyumba aliyoibomoa mwenyewe, na mimi ningekuwa na yangu ya 8. Kete moja. Siku nyingine naamini alizihesabu. Siku nyingine nakumbuka taa ya baraza ile ilivyokuwa hafifu, na kwamba miwani yake muda wote ilikuwa mfuko wa kanzu.