Mronge kwenye maji ya tope: kipimo, mkorogo na mipaka yake

Masika yakikolea Pemba, vijito vya mabonde ya mpunga hugeuka rangi ya chai ya maziwa. Teka ndoo uiache usiku kucha. Asubuhi maji bado mavurugu. Chembe za udongo zina chaji hasi, zinasukumana, hazishuki. Mbegu ya mronge (wengine huuita mlonge au mzunze) ina protini yenye chaji chanya inayoyeyuka majini. Hiyo ndiyo inayozishikanisha chembe zikawa mabonge mazito yanayozama. Wanawake wa Sudan wanaoteka maji ya Mto Nile wameifanya kazi hii tangu zamani.

Chuma maganda yaliyokaukia mtini. Mbegu mbichi hazina nguvu. Menya ubaki na kiini cheupe, chenye madoa ukitupe. Kwa ndoo ya lita 20: maji yenye ukungu kidogo, mbegu 5; yaliyochafuka kiasi, 10; tope zito, 20. Twanga hadi unga laini, tia katika chupa yenye kikombe cha maji safi, tikisa dakika 5, kisha chujia ndani ya ndoo kwa kitambaa safi.

Sasa mkorogo, na hapa ndipo wengi huharibu. Koroga kwa kasi dakika 1 au 2 dawa ienee. Halafu punguza mwendo: mizunguko 15 hadi 20 kwa dakika, kwa dakika 10 hadi 15. Mkono ukienda mbio, mabonge yaliyokwisha kushikana hukatika upya. Funika, usiisogeze ndoo kwa saa 1 hadi 2, kisha teka ya juu taratibu kwa kata.

Yasipotakata, sababu huwa unga wa zamani au kipimo. Na kuzidisha ni kosa sawa na kupunguza: chembe zote zikishavaa chaji chanya, zinasukumana tena. Jaribu kwanza katika chupa tatu za lita moja: nusu mbegu, mbegu moja, mbegu mbili. Fuata iliyotakata vizuri zaidi. Hifadhi mbegu na maganda yake, utwange siku ya kutumia tu.

Tafadhali sana, maji meupe si maji salama. Vijidudu vingi huzama na tope, lakini si vyote, na vinavyobaki vinaweza kuleta kipindupindu. Yachemshe yatokote ndipo unywe. Usiyaweke zaidi ya siku moja, kwani mabaki ya mbegu ni chakula cha vijidudu na maji huanza kunuka.

Kwa wenye visima vya maji ya chumvi upande wa mawe wa Unguja: mronge hautoi chumvi, wala dawa za shambani zilizoyeyuka majini. Maji ambayo tayari ni maangavu nayo hayafaidiki, chembe za kushikana hamna.

Tope la chini limwage shinani mwa mgomba, mbali na kisima.