Kadi ya biashara inasomwa wakati we haupo

Juzi nilimwaga mezani kadi zote nilizowahi kupewa na watu, nikawa nazipitia moja moja, na nyingi ni nzuri kweli, zimepangwa vizuri, rangi safi, ila zaidi ya nusu sikumbuki mwenyewe anafanya kazi gani na kadi nayo haisemi. Jina la kampuni kubwaa, logo, namba ya simu, basi. Sasa mi ntajuaje kama huyu anashona nguo, anarekebisha mafriji au anafundisha hesabu?

Hapo ndo nikaliona kosa nililofanya kwenye kadi zangu za kwanza. Nilizidizaini kama vile ntakuwa nimesimama pale pale namwelezea mtu, kumbe kadi inaanza kazi wiki tatu baadae, mtu anaitoa kwenye pochi akiwa ameshasahau hata sura yako. Kwahiyo siku hizi kabla ya rangi kabla ya logo naandika kwanza kazi yenyewe, kwa maneno ya mteja. Sio "Ubora ndio sisi", hiyo haimsaidii mtu yeyote. Andika "Natengeneza friji na mashine za kufulia, nakuja mpaka nyumbani". Mtu akisoma hiyo anajua akupigie lini.

Alafu punguza. Namba tatu za simu za nini? Weka moja ambayo kweli unapokea, na kama ina WhatsApp sema.

Maandishi sasa, hapa ndo wengi wanaumia, maana kwenye kompyuta unakuza picha unaona kila kitu ni kikubwa. Mi saizi ya herufi sishuki chini ya pointi 8, na kijivu hafifu juu ya nyeupe nimeachana nayo kabisa. Printi kwenye karatasi ya kawaida kwa saizi yake halisi, kata na mkasi, mpe mtu mzima anayevaa miwani asome bila miwani. Akikunja uso, ongeza.

Saizi usibuni yako. Ulaya wanatumia sana mm 85 kwa 55, Marekani ni kama mm 89 kwa 51, na kadi ya benki ni karibu mm 86 kwa 54, ndo maana hizo zinaingia kwenye pochi bila shida. Kadi ikizidi hapo inakunjwa au inaachwa. Rangi iliyo chini ya maandishi ipitilize mstari wa kukatia kwa mm 3 kila upande ili kisu cha kukatia kadi kikiyumba kidogo usibaki na mstari mweupe pembeni, na maandishi yakae ndani, mbali na ukingo. Logo usiitoe kwenye picha uliyotumiwa WhatsApp, itatoka na ukungu, tafuta faili lake la mwanzo, PDF au SVG. Na ile bluu inayowaka kwenye skrini ikiprintiwa inapoa, kwasababu skrini inatumia mwanga na karatasi inatumia wino, sio kwamba fundi kakosea.

Nyuma ya kadi mi napenda paachwe peupe na pasing'ae. Watu wanaandikaga pale, vipimo, siku ya miadi, bei mliyokubaliana, na kadi iliyoandikwa kitu haitupwi haraka. Ukiweka plastiki inayong'aa pande zote kalamu inateleza tu.

QR kodi, ule mraba wa kuskani kwa simu, ukiweka, iwe na sentimita 2 hivi, nyeusi juu ya nyeupe, na iachiwe nafasi tupu kuizunguka. Uangalie pia ulipoitengenezea, maana kuna huduma ukiacha kuzilipia, QR yako inakufa na kadi zako mia zinabaki na picha isiyofungua kitu.

Ukiletewa sampuli usisome namba ya simu kwa macho, macho yanaona unachokijua tayari. Chukua simu ya mtu mwingine, bonyeza tarakimu moja moja kama zilivyo kwenye kadi, usikilize kama simu yako itaita.