Kadi ya grafiki kwa monita ya 1440p: soma GB kabla ya jina

Monita ya 1440p ina pikseli 2560 kwa 1440, yaani kama milioni 3.7 za kuchorwa katika kila fremu, yaani kila picha moja ya gemu. Ya 1080p ina milioni 2.1. Ya 4K ina milioni 8.3, na hapo kadi za bei ya kati huanza kuhema, kwa hiyo kwa bajeti hiyo mimi nasema baki 1440p.

Anza na VRAM, memori ya kadi yenyewe. Kwa gemu kubwa za sasa, ukipandisha ubora wa tekscha (picha zinazofunika kuta na vitu), GB 8 hujaa haraka. Kilichokosa nafasi huhamia kwenye RAM ya kompyuta, na kila kikihitajika kinapita kwenye sloti ya PCIe, pale kadi inapochomekwa kwenye madabodi, iliyo polepole mno kuliko memori ya kadi. Hapo gemu hukwamakwama: unakata kona, picha inaganda kidogo, au ukuta unatokea na ukungu. Wastani wa fremu kwa sekunde unaweza kusoma 70 na bado gemu isichezeke, ndiyo maana kwenye majaribio ya watu huwa natazama fremu za chini kabisa kwanza.

Mtego uko kwenye majina. RTX 5060 Ti ya Nvidia na RX 9060 XT ya AMD, zote za 2025, zinauzwa za GB 8 na za GB 16 kwa jina lilelile. Zilipoanza kuuzwa Marekani, tofauti ya bei iliyotangazwa ilikuwa dola 50 tu. Lipa hizo 50. Tena 5060 Ti inatumia njia 8 tu za data za PCIe, kwa hiyo ile ya GB 8 kwenye madabodi ya zamani ya PCIe 3.0 huumia zaidi. 9060 XT inatumia njia zote 16.

Ukiweza kupanda ngazi, RTX 5070 (GB 12) na RX 9070 (GB 16) zilitangazwa kwa bei moja, dola 549. Kwa mtu atakayekaa na kadi miaka mingi, ningechukua 9070.

DLSS (ya Nvidia) au FSR (ya AMD), mbinu za kukuza picha, katika hali ya Quality huchora 1707 kwa 960 kisha hukuza hadi 1440p, na kwa kawaida inafaa kuiwasha. Fremu za kutengenezwa, zile ambazo kadi hubuni katikati ya fremu halisi, ni habari nyingine: zinakula VRAM na kuchelewesha gemu kuitikia mkono wako. Kama gemu haifiki fremu 60 kwa sekunde bila hizo, ziache.

Umeme: 9060 XT ya GB 16 hula wati 160, 9070 wati 220, 5070 wati 250. Kwa hizo mbili za mwisho weka pawa saplai nzuri ya wati 650. Hizi zisizo na jina, zinazokuja bure na kesi, usizijaribu. Kadi yenye matundu mawili ya pini 8 ipe waya mbili tofauti, si moja yenye vichwa viwili. Plagi ya pini 16 isukume hadi izame yote, la sivyo hupata moto na huweza kuyeyuka. Pima kesi pia, maana kadi nyingi za feni tatu huzidi milimita 300.

Mwisho, waya wa monita uchomeke kwenye kadi, si kwenye madabodi, kisha fungua mipangilio ya skrini ya Windows: monita ya hezi 165 (inayoweza kuonyesha picha 165 kwa sekunde) mara nyingi huanza ikiwa imewekwa 60.