Siku moja maishani mwangu: kubandika majina kwenye jezi za Chivas, Guadalajara

Nikiwaambia watu wa nyumbani kwamba nafanya kazi na jezi za mpira huku Mexico, wengine wanadhani nashinda na wachezaji, wengine wanadhani nauza feki. Hapana. Mtu ananunua jezi yake dukani, anatuletea mimi na mama mkwe, tunambandikia jina na namba mgongoni. Ni kazi ya kusimama, tena kwenye joto. Jumamosi Chivas, timu ya mpira ya hapa Guadalajara, walikuwa nyumbani na América, timu ambayo ni mahasimu wao wakubwa, hakuna siku kubwa kwetu kama hiyo.

Saa moja asubuhi chai, halafu kukata herufi mpaka saa saba, hapo hamna cha kusimulia.

Saa nane tunapakia mashine, meza na jenereta tunaelekea Zapopan, ndiko uliko uwanja wa Akron. Mechi saa tatu usiku ila saa tisa mchana watu washajaa, mistari nyekundu na nyeupe kila unakogeuka.

Saa kumi kazi imechanganya. Unalaza jezi, unainyoosha kwa kiganja isibaki kunyanzi hata moja, unapima vidole vinne toka kwenye kola, unashusha mashine sekunde 15, unabandua plastiki ingali ya moto. Ukiwahi herufi inanyanyuka nayo, ukichelewa plastiki inagoma kutoka. Vidole vyangu vishakuwa sugu, na nikiona jina limekaa sawasawa mgongoni mwa mtu najisikia vizuri sana.

Saa kumi na mbili na nusu akaja kijana mmoja na jezi mpya kabisa, anataka Messi. Nikamwambia kaka, hela yako naitaka, ila jina hilo kwenye meza hii halibandikwi. Chivas wanachezesha Wamexico tu, mataji yao 12 ya ligi yameletwa na watoto wa nchi hii, wakiwemo wale waliobeba mara 7 kati ya 1957 na 1965. Akanijibu mbona aliyeianzisha 1906 alikuwa Mbelgiji? Kweli, Edgar Everaert, na mimi mgeni hilo linanigusa kweli, kwamba mgeni alianzisha kitu wenyeji wakakifanya chao kabisa. Ila jibu ni lile lile. Akasema haya, weka Hugo Sánchez, si Mmexico huyo? Foleni nzima ikaguna, maana Hugo hakuwahi kuchezea Chivas ila América alichezea, na leo ndo wao wanaocheza nasi! Nyuma watu wanapiga miluzi, jenereta inanguruma, jasho linaniingia machoni, na yeye katulia tu anafikiria. Mama mkwe akamwambia taratibu, mwanangu, amua, wenzio wanataka kuingia. Akasema Chicharito, yaani Javier Hernández kwa jina la utani. Hapo sawa, huyo ndo alifunga goli uwanja huu ulipofunguliwa Julai 2010, kipindi cha kwanza akiwa na Chivas, cha pili akavaa jezi ya Manchester United waliokuwa wameshamnunua, Chivas wakashinda 3-2. Kuja kwenye bei, tunahesabu kwa herufi, akagundua Chicharito ni 10 na Hernández ni 9, akataka Hernández, halafu ile alama ya juu ya A anaitaka bure. Nikampa. Ni kipande kidogo kama punje ya mchele, unakishika kwa kibano na mkono hautakiwi kutetemeka, na saa hiyo nilikuwa sijaketi tangu mchana.

Baada ya huyo saa sikuziangalia tena. Jezi, mashine, bandua, jezi nyingine. Mechi yenyewe sikuona hata dakika moja, mlio wa uwanja tu ndo unakupita juu ya kichwa na unajua kabisa lipi ni goli na lipi limepaa, halafu wakatoka wakaanza upya, kuna baba kanyanyua mtoto kalala begani anataka jina lake lile lile kwenye kijezi cha mwanae.

Tumefungasha usiku mkubwa, miguu imevimba. Mama mkwe anahesabu hela garini, mimi nahesabu herufi: Z zimeisha zote. González, Gutiérrez, Álvarez, Hernández, watu wa huku Z haziwatoshi. Jumatatu nakata Z tupu.